Bomba Lililovuja Chini ya Sakafu ya Jiko



Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Tanga, na kazi yangu kwa miaka mingi ni kuwafundisha watoto herufi, sura fupi na adabu. Si fundi wa bomba wala sikusomea uhandisi. Lakini limenipata jambo nyumbani mwangu ambalo limenifundisha mimi mwenyewe, nami naona si haki kulificha. Nyumba zetu nyingi zina mabomba yaliyolazwa chini ya sakafu, nasi twapika, twala na kulala juu yake bila kujua yatendalo huko chini. Huenda habari hii ikamwepusha ndugu mmoja na hasara, na pengine ikamwepusha na jambo lililo baya kuliko hasara.

BILI ILIYOPANDA

Nyumba yetu ni ya watu 7: mimi na mke wangu, mama yangu mzazi, watoto wetu 3, na mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Kijana huyu ana miaka 15, naye ni yatima wa baba na mama. Kwa muda mrefu bili yetu ya maji ilikuwa uniti 14 kwa mwezi, ikipungua au kuzidi kidogo tu. Uniti moja, kama wajuavyo wengi, ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20.

Mwezi mmoja ikaja bili ya uniti 17. Nikasema, labda ni wageni waliotujia. Mwezi wa pili ikaja 19. Hapo nikaanza kumtafuta mkosaji, na kwa bahati mbaya sikumtafuta mbali. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa na kazi ya kujaza pipa na ndoo za jikoni kila jioni, ili maji yakikatika tusitaabike. Nikaamini moyoni kuwa kijana huacha koki wazi akaenda kucheza mpira, maji yakafurika na kumwagika.

Nikamwita mbele ya watoto wangu, nikamkemea. Akanijibu kwa adabu, “Mjomba, mimi nafunga kila siku.” Badala ya kumsikiliza, nikamwambia neno ambalo hata leo nalijutia: “Wewe hulipi, ndiyo maana huna uchungu.” Kijana akainamisha kichwa, akatoka. Mke wangu akanitazama, asiseme kitu.

Kumbe mke wangu mwenyewe alikwisha kuniambia, yapata miezi miwili kabla, kuwa pembe moja ya jiko haikauki hata akiipiga dekio mara ngapi. Nami nilimjibu kuwa ni maji ya vyombo. Na mama yangu alikwisha kulalamika juu ya sisimizi waliojipanga kila asubuhi kwenye ufa wa kigae, karibu na ukuta. Nilisikia yote, sikuyazingatia, kwa kuwa nilikuwa na jibu langu tayari.

MITA HAISEMI UONGO

Bili ya tatu ikaja 19 vilevile, ingawa sasa nilikuwa nikijaza pipa mwenyewe na kuifunga koki kwa mkono wangu. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, mpwa wangu akaja mlangoni, akabisha hodi. “Mjomba, niwie radhi. Naomba uje uitazame mita.”

Nikatoka naye uani. Koki zote za nyumba zilikuwa zimefungwa, hapana aliyeoga wala aliyeosha chombo. Akamulika mita kwa tochi. Katika uso wa mita nyingi kipo kigurudumu kidogo ambacho huzunguka maji yapitapo, hata yakiwa machache mno. Kigurudumu kile kilikuwa kikizunguka polepole, hakisimami. “Nimekitazama siku tatu hizi, Mjomba,” akasema. “Hata saa nane za usiku chazunguka.”

Ndugu zangu, nilipatwa na haya ambayo siwezi kuieleza. Mtoto niliyemshutumu alikuwa akiamka usiku kutafuta ushahidi wa kujitakasa, na mimi mwalimu sikutafuta ushahidi wowote kabla ya kumhukumu.

Tukaandika tarakimu za mita saa nne za usiku, tukamwomba kila mtu asiguse maji. Saa kumi za alfajiri tukazisoma tena. Tofauti ilikuwa lita 42 kwa saa 6, ndiyo lita 7 kwa saa moja, lita 168 kwa siku, na zaidi ya lita 5,000 kwa mwezi. Hizo ndizo uniti 5 zilizozidi katika bili. Hesabu ilikubali barabara, wala hapakubaki uniti hata moja ya kumsingizia kijana.

NAMNA YA KUIPIMA NYUMBA YAKO

Yafaa kila mwenye nyumba ajue kipimo hiki, kwani hakina gharama.

Kwanza, funga koki zote. Ikiwa una tangi juu ya nyumba, funga pia koki iingizayo maji tangini, la sivyo tangi litajaa wakati unapima, nawe utadhani ni uvujaji. Pili, andika tarakimu zote za mita. Kwenye mita nyingi tarakimu nyeusi huhesabu uniti, na nyekundu huhesabu sehemu za uniti. Hizo nyekundu ndizo utakazozihitaji. Tatu, ngoja saa kadhaa, kisha usome tena. Tarakimu zikisogea, maji yanakwenda mahali.

Nne, funga koki kuu, ile iliyo baada ya mita mahali bomba liingiapo nyumbani. Kigurudumu kikisimama, uvujaji uko ndani ya nyumba. Kikiendelea kuzunguka, uvujaji uko katika kipande kilichopo kati ya mita na koki hiyo. Tano, fungua koki kuu, kisha ufunge matawi moja baada ya jingine, kama yana koki zake: la bafuni, la uani, la jikoni. Tawi ambalo likifungwa kigurudumu husimama, hilo ndilo lenye ugonjwa.

Usisahau choo cha kuvuta maji. Tia matone ya rangi ya chakula katika tangi lake dogo, usivute kwa muda wa nusu saa. Ukiiona rangi bakulini, basi maji yanavuja humo, nawe umepona kuvunja sakafu bure.

Kwetu tawi la bafuni lilikuwa na koki yake. Tulipoifunga, kigurudumu kiliendelea. Uani hapana bomba. Basi likabaki jiko.

DALILI ZILIZOKUWA MBELE YA MACHO

Fundi bomba alikuja asubuhi, mtu mzima mwenye maneno machache. Kabla ya kufungua mfuko wake aliuliza maswali: pembe gani haikauki? Sisimizi hutokea wapi? Ukuta gani una weupe? Mke wangu na mama yangu wakamjibu yote. Mimi sikuwa na la kujibu.

Akatuonyesha chini ya ukuta weupe kama unga, nao ni chumvi. Maji hupanda ndani ya ukuta kama mafuta yapandavyo katika utambi, nayo huyeyusha chumvi iliyomo. Yakifika juu hukauka, chumvi ikabaki. Kisha akagonga vigae kwa mpini wa tindo, kimoja kimoja. Vingi vililia kwa sauti nzito. Vinne karibu na pembe vililia kama mtungi mtupu, kwa kuwa mchanga wa chini ulikwisha kuchukuliwa na maji. Mwisho akataka kimya, akasimamisha ufito wa chuma sakafuni, akaweka sikio kwenye ncha ya juu. Akaniita nami nisikilize. Nikasikia mvumo mwembamba, kama mtu apulizaye moto kwa mbali.

Niliuliza kwa nini maji mengi hivyo hayakutokea juu. Akanieleza kuwa ardhi ya mwambao wetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, nayo hunywa maji upesi. Katika udongo wa mfinyanzi maji yangesimama, nasi tungeona dimbwi. Huku kwetu maji hupotea chini, na mwenye nyumba hana habari mpaka bili imwambie.

KUVUNJA NA KUTENGENEZA

Tulifunga koki kuu na kuzima umeme wa jikoni, kwani maji na nyaya havikai pamoja. Fundi akang’oa vigae vinne tu, akavunja saruji kwa tindo na nyundo. Chini ya sakafu, kiasi cha shibiri moja na nusu, tukaliona bomba: la chuma, la zamani, lililopakwa zinki, limelazwa juu ya mchanga mtupu bila kuvikwa kitu. Mahali linapopinda kwenda kwenye sinki palikuwa na tundu dogo, hata kichwa cha kiberiti kisingepita. Tundu hilo ndilo lililokuwa likinywa lita 168 kwa siku.

Fundi akaokota mchanga ule, akasema kuwa huenda ulitoka pwani. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu hula chuma. Zinki hukikinga chuma kwa miaka mingi, lakini zinki nayo huisha. Tena aliona kuwa mtu fulani siku za nyuma aliunga kipande cha shaba moja kwa moja na bomba la chuma. Madini mawili yakiungwa hivyo mahali penye maji, chuma ndicho kinacholiwa upesi.

Alituwekea njia tatu. Ya kwanza, kulifunga tundu kwa mpira na kibano. Hii ni dawa ya siku chache tu. Ya pili, kukata kipande kibovu na kuunga kipya. Lakini bomba lililotoboka mahali pamoja kwa kutu huenda likatoboka mahali pengine karibuni. Ya tatu, kuliacha bomba la chini kabisa, kulikata na kuliziba ncha zote mbili, na kupitisha bomba jipya la plastiki juu ya ukuta mahali linapoonekana. Tukachagua ya tatu. Si pazuri kama ukuta mtupu, lakini likivuja kesho tutaliona kesho.

Kabla ya kufukia chochote, fundi alifungua maji, akaacha shimo wazi siku nzima, nasi tukasoma mita tena usiku kucha. Haikusogea. Ndugu msomaji, usikubali sakafu ifungwe kabla ya kipimo hiki. Kisha tulijaza uwazi kwa kifusi kwa tabaka, tukashindilia kila tabaka, ndipo tukamwaga zege. Ukuta nao tuliuacha ukauke kwa wiki kadhaa, tukiipangusa chumvi kwa burashi kavu kila ilipotoka. Kupiga rangi juu ya ukuta mbichi ni kuuficha ugonjwa tu, na rangi hiyo huambuka.

HATARI ILIYO KUBWA KULIKO BILI

Wengi hudhani kuwa bomba livujalo hutoa maji tu. Fundi alinieleza jambo lililonitisha: lipo pia hatari ya kuingiza. Maji yakiwamo na nguvu, husukuma nje. Lakini siku ya mgao, au mahali fulani panapotengenezwa na maji yakakatika, nguvu hutoweka, na tundu lilelile huweza kufyonza maji machafu yaliyoizunguka bomba. Karo la choo likiwa karibu, maji yake yaweza kuingia katika maji ya kunywa na ya udhu.

Mfano mashuhuri ni wa mji wa London, mwaka 1854. Katika mtaa wa Soho, karibu na pampu ya Broad Street, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow alionyesha kuwa wagonjwa wengi walikunywa maji ya pampu ile. Mwaka uliofuata pakachimbwa, ikaonekana kuwa shimo la uchafu la nyumba iliyo jirani lilikuwa chini ya mita moja kutoka kwenye kisima, na matofali yake yameoza, uchafu ukipenya ardhini. Hapana mtu aliyeona kwa macho yake. Kila kitu kilikuwa chini. Na sisi wenyewe hatukusahau kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwaka 2015 na kuenea nchini. Kwa hiyo baada ya matengenezo yaache maji yatoke mpaka yawe safi, na ya kunywa uyachemshe.

HAKI YA JIRANI

Ukuta wa jiko letu umegusana na ukuta wa jirani yetu, mama mjane mwenye watoto wadogo. Fundi alipoona chumvi upande wetu, alisema, “Maalim, muulize na jirani.” Nikamtuma mke wangu. Kumbe kwa miezi mitatu ukuta wake ulikuwa mbichi, gunia lake la unga limeota ukungu akalitupa, na kitanda cha mtoto amekihamisha. Mke wangu alipomuuliza kwa nini hakutuambia, akajibu, “Nilimstahi Maalim.”

Neno hilo lilinichoma kuliko bili. Sote twajua jinsi dini yetu ilivyoitukuza haki ya jirani, na kanuni ya wanazuoni kwamba madhara hayana budi kuondolewa. Nami nilimdhuru jirani bila kujua. Kutokujua kwaweza kumwondolea mtu dhambi, lakini hakumwondolei kutengeneza alichoharibu. Tulimlipa unga wake, ingawa alikataa mara mbili kabla ya kupokea, na ukuta wake ukapigwa lipu upya ulipokwisha kukauka.

Twajua pia mafunzo tuliyopokea juu ya kutofuja maji hata mtu akiwa kando ya mto utiririkao. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa maji kiasi cha mudi moja, nayo wengi huikadiria kuwa thuluthi mbili za lita. Kwa kipimo hicho lita 168 zingewatosha watu 250 kutawadha. Maji hayo hutoka Mto Zigi, huteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki hata bwawa la Mabayani, yakasafishwa na kusukumwa mpaka mjini. Safari yote hiyo, kisha yakazama chini ya jiko langu!

Atakayeuliza, je, mtu ana lawama kwa maji ambayo hakujua kuwa yapotea? Mimi naona, na wanazuoni ndio wajuao zaidi, kwamba kabla ya kujua ana udhuru. Lakini dalili zikisha kuonekana naye akazipuuza kwa uvivu, udhuru wake hupungua kila siku. Mimi niliambiwa habari za pembe isiyokauka miezi miwili kabla ya kumkemea kijana.

DHANA

Nimeandika mengi juu ya bomba, lakini lililonishughulisha zaidi ni dhana. Katika Suratul Hujurat, ambayo nimeifundisha miaka nenda miaka rudi, tumeamrishwa katika aya ya 6 kuichunguza habari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na katika aya ya 12 tumekatazwa kufuata dhana nyingi. Wanafunzi wangu wamezihifadhi aya hizo kwa sauti yangu. Na siku ziliponihusu mimi, katika jiko langu mwenyewe, nilizipita kama mtu asiyezisoma.

Tazameni pia ni nani tunaoanza kuwashuku kitu kikipotea nyumbani. Twaanza na mtumishi, na mtoto wa kulea, na yatima, na mgeni kutoka shamba. Hatuanzi na watoto wetu wa kuzaa, wala hatuanzi na nafsi zetu. Anayekula kwetu hawezi kutujibu, na kimya chake twakihesabu kuwa ni kukiri.

Usiku sakafu ilipofungwa, baada ya chakula, niliwakusanya wote nyumbani. Kwa kuwa nilimkemea mpwa wangu mbele ya watu, niliona yapasa kumwomba radhi mbele ya watu wale wale. Nikamwambia, “Mwanangu, nilikudhania lisilokuwa, na nilikwambia neno la kukuumiza. Nisamehe.” Kijana akasema, “Yamekwisha, Mjomba,” akauchukua mkono wangu akaubusu. Sijui kama yamekwisha moyoni mwake kweli. Jeraha la neno halikauki siku moja, kama vile ukuta wetu haukukauka siku moja. Lakini nilimwona amekula vizuri usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Sasa kila usiku wa kuamkia Ijumaa yeye ndiye asomaye mita, akaandika tarakimu katika daftari dogo lililotundikwa nyuma ya mlango wa jiko. Bili imerudi uniti 14. Akisema kuna jambo, huenda nikaangalia kwanza, kisha ndipo nikasema.

Nawausia ndugu zangu wenye nyumba: usiku huu, kabla ya kulala, fungeni koki zenu mkaitazame mita. Na kama mmemshuku mtu kwa hasara ya maji, ya sukari au ya fedha, msimtolee neno mpaka mchunguze. Mwenyezi Mungu atuhifadhie nyumba zetu na ndimi zetu.

Wabillahi taufiq.